Jinsi ya kumtembeza mgeni Kasri la Windsor bila kumchosha

Kila ndugu anayetua Heathrow kutoka Unguja, Mombasa au Maskati, akishapumzika na kunywa chai, ana ombi moja: "Nipeleke kwa Malkia." Malkia amezikwa tangu Septemba 2022, ila ombi halijabadilika. Na kwa vile naishi Slough, pua na mdomo na Windsor, familia imenifanya mtembezaji wa ukoo bila kuniuliza. Haya basi, kazi nimeizoea, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayekuja.

Anza na siku. Kasri hufungwa Jumanne na Jumatano. Jumapili hufunguliwa, lakini kanisa la St George's lililo ndani huwa la waumini siku hiyo, watalii hawaingii, na kwenda Windsor bila kuliona kanisa ni kula biriani bila nyama. Zinabaki Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu. Mimi huchagua Alhamisi, kwa sababu mabadilishano ya walinzi kwa kawaida huwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa 5 asubuhi, na Jumamosi watu ni wengi mno. Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya Royal Collection Trust, ndio wanaoendesha ziara, uangalie kama siku yako haijaguswa. Kasri hili si pambo, mfalme bado analitumia. Mwaka 2025, kwa kuwa Kasri la Buckingham, London, lilikuwa linakarabatiwa, wageni wa kitaifa walipokewa hapa: Macron mwezi Julai, Trump Septemba. Siku kama hizo vyumba hufungwa, na mgeni wako aliyetoka Chake Chake hatapata wa kumlalamikia.

Tiketi nunua hukohuko kwenye tovuti yao, mapema. Mtu mzima hulipa pauni 30 na ushee, na ukingoja kulipa mlangoni siku ileile bei hupanda. Mtoto chini ya miaka 5 ni bure. Tovuti za watu wa kati zimejaa, zinakuongezea pauni kadhaa kwa kukufanyia jambo ambalo ungelifanya mwenyewe kwa simu. Tena tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa wenyewe unaweza kuigeuza iwe ya mwaka mzima bila kuongeza senti. Uliza namna ya kufanya hivyo kabla hujatoka. Ukiwa unaishi huku na unapokea Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kuna tiketi za pauni 1. Usione haya, zimewekwa zitumike. Wakazi wa halmashauri ya Windsor na Maidenhead huingia bure wakionyesha kitambulisho cha ukazi. Sisi wa Slough, tunaoliona kasri kwa macho siku ya jua, hatumo. Mpaka wa halmashauri umetuacha ng'ambo ya pili.

Usafiri una njia mbili. Kutoka London Paddington unapanda treni hadi Slough, unavuka jukwaa, unaingia katika katreni kadogo kanakokwenda Windsor na kurudi mchana kutwa. Dakika 6 tu, unashuka Windsor & Eton Central, unapita madukani, na ukuta wa kasri uko mbele yako. Njia ya pili ni kutoka Waterloo moja kwa moja hadi Windsor & Eton Riverside, kama saa nzima, bila kubadilisha. Kwa kijana zote sawa. Kwa mzee mwenye magoti chagua ya kwanza, maana Riverside iko chini mtoni na kutoka hapo ni kupanda. Gari iache nyumbani. Maegesho ya Windsor yatakula pesa ya chakula cha mchana.

Mgeni asije na begi moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege akidhani ataliacha mahali. Masanduku makubwa hayapokelewi, na mlangoni kuna ukaguzi wa mashine kama wa Heathrow yenyewe. Khalati yangu hatembei bila kijisu cha kumenyea embe. Kijisu kibaki nyumbani. Viatu viwe vya chini, kwani sehemu kubwa ni mawe yaliyotandazwa na mlima. Na koti, hata Julai. Upande wa kaskazini kuna baraza ndefu iliyo wazi, North Terrace, upepo wa bonde la Thames unapiga hapo bila kizuizi, na buibui bila kitu cha kuzuia baridi ndani hautoshi.

Kula hairuhusiwi ndani, maji tu ndiyo hawana neno nayo. Kuna mkahawa mmoja, Undercroft, chini ya matao ya mawe yaliyojengwa zama za Edward III, karne ya 14, palipokuwa ghala la vinywaji na vyakula. Pazuri kukaa, chai na keki zipo. Mshibo hakuna. Mlishe mgeni vizuri asubuhi, sambusa zingoje.

Ukishakaguliwa utapewa kifaa cha kusikiliza maelezo, kimo kwenye bei. Kina lugha kadhaa za Ulaya na Asia, Kiswahili hakimo. Kama mgeni wako hasikii Kiingereza usijaribu kumfasiria kila chumba. Utakauka koo na yeye atasinzia. Chagua vituo vichache, umweleze kwa kina. Vyangu ndivyo hivi.

Kabla ya yote, muinue macho aitazame bendera juu ya Round Tower, mnara mnene ulio katikati juu ya kilima. Ikiwa ni bendera ya kifalme yenye simba na kinubi, mfalme yumo. Ikiwa ni bendera ya kawaida ya Uingereza, hayumo. Watu wazima hufurahi sana kujua hili, na siku nzima watakuwa wanaichungulia. Kilima kile ni cha kumwagwa kwa mikono: William wa Normandy, aliyeiteka Uingereza 1066, alianza ngome hapa kama mwaka 1070, ya udongo na magogo, mojawapo ya nyingi alizozungushia London. Henry II ndiye aliyejenga mnara kwa mawe katika karne iliyofuata, na George IV akaurefusha karne ya 19 ili upendeze kwa mbali. Handaki linalouzunguka halijapata kujazwa maji hata siku moja, ni kilima cha chokaa. Sasa ni bustani. Hapo pia ndipo mgeni atauliza kwa nini wamejenga kasri chini ya njia ya ndege, maana zinapita juu ya kichwa moja baada ya nyingine.

Hapa sasa njia yangu na ya watu wengine inaachana. Umati wote, ukishaingia, unapanda kulia kwenda kwenye vyumba vya kifalme. Wewe teremka kushoto, uende kanisani kwanza. Asubuhi kanisa ni tupu. Mchana foleni inafika nje, na jioni kama saa 10 wanawafungia watalii ili kujitayarisha kwa ibada. Waliopanga kulimalizia kanisa mwisho nawaona kila mara wakikimbia na vifaa vyao shingoni.

St George's ilianzwa na Edward IV mwaka 1475 na kukamilika 1528 chini ya Henry VIII. Mwislamu anayeuliza kama anaweza kuingia, naam, unaingia kutazama, hakuna anayekulazimisha kitu. Wanaume wavue kofia, simu ziingie mfukoni, humu hawataki picha. Ukiingia tazama dari kwanza. Ni jiwe tupu, lakini limechongwa likatawanyika kama matawi, na nguzo ni nyembamba hata unajiuliza nini kinalishikilia.

Katikati, baada ya kizuizi, kuna sehemu ya viti vya mashujaa wa Garter, chama cha heshima alichokianzisha Edward III mwaka 1348. Kila mwanachama aliye hai bendera yake inaning'inia juu ya kiti, na akifa huondolewa, bali bamba la jina lake hubaki. Watu wote wanatembea hapo vichwa juu, wakihesabu bendera. Wewe tazama chini. Kuna bamba la marumaru sakafuni, limelala tu baina ya viti, limeandikwa kuwa chini yake yumo Jane Seymour, Henry VIII na Charles I, pamoja na mtoto mchanga wa Malkia Anne. Henry yule wa wake sita! Alikusudia kaburi la fahari, akalichukua na jeneza la marumaru nyeusi alilojitengenezea Kadinali Wolsey, waziri wake, lakini kaburi halikukamilika. Jeneza likakaa karne tatu bila mwenyewe, hatimaye akawekwa ndani yake Admirali Nelson, jemadari wa majini, kule kanisa la St Paul's, London. Henry mwenyewe yuko hapa chini ya bamba ambalo lenyewe liliwekwa mwaka 1837, jirani na Charles aliyekatwa kichwa 1649. Mwambie mgeni asogeze mguu, amesimama juu yao.

Kando upande wa kaskazini kuna kijichumba chenye lango la chuma, na hapo ndipo wageni wangu wote hunyamaza. Jiwe jeusi sakafuni, majina manne na miaka tu: George VI, Elizabeth, Elizabeth II, Philip. Hakuna sanamu. Kwa mgeni kutoka Kenya hapa ndipo mahali pa kumkumbusha kuwa majina mawili kati ya haya yalipishana Nyeri. Elizabeth II, binti wa George VI, alikuwa Treetops, hoteli ya juu ya mti, akitazama wanyama, usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki usingizini katika jumba lake la Sandringham, Uingereza. Habari alizipata kesho yake Sagana, alipoambiwa na mumewe. Alipanda mti binti wa mfalme, akateremka malkia, na taji lenyewe hakulijua bado. Shemeji yangu wa Nyeri alilisimulia hili kwa sauti hata Waingereza waliokuwa nyuma yetu wakajongea wasikie.

Kituo cha tatu cha kanisani hakimo katika ziara za wengi, na mimi ndicho ninachokijia. Waulize wahudumu wakuonyeshe bamba la shaba la Mwanamfalme Alemayehu. Ni dogo, hulioni usipolitafuta. Alikuwa mtoto wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Majeshi ya Uingereza yalipoivamia ngome yake ya Maqdala mwaka 1868, baba alijiua asikamatwe, mtoto wa miaka 7 akachukuliwa pamoja na hazina, na mama yake, Tiruwork, akafia njiani kabla ya kufika pwani. Malkia Victoria alimhurumia, akamsomesha shule ya Rugby na chuo cha kijeshi cha Sandhurst, lakini kijana hakupata raha katika nchi hii. Mapafu yalimuua mjini Leeds mwezi Novemba 1879, ana miaka 18. Akazikwa hapa Windsor kwa amri ya Malkia. Bamba limeandikwa maneno ya Injili ya Mathayo: nalikuwa mgeni, mkanikaribisha. Waethiopia wameomba mara kadhaa arudishwe kwao, na mwaka 2023 ikulu ikajibu kuwa haiwezekani kumtoa bila kuwasumbua waliolala karibu naye. Ami yangu wa Maskati, mtu wa maneno machache, alisoma lile andiko mara mbili, akasema: "Mgeni hukaribishwa, hachukuliwi." Sikuwa na la kuongeza.

Ukitoka kanisani itakuwa inakaribia saa 5. Walinzi, ngoma, tarumbeta, kofia za manyoya ya dubu. Mara nyingine hufanyika hapo uani chini, mara nyingine uwanja wa juu, fuata sauti. Tazama robo saa, inatosha, kisha panda vyumbani wakati wengine bado wanapiga picha.

Vyumba vya kifalme vinaanzia kwenye ngazi kubwa zilizopangwa deraya na silaha ukutani. Iko deraya ya Henry VIII mwenyewe ya kama mwaka 1540, na upana wa kiuno chake ni somo tosha. Asiyeweza ngazi aseme mapema. Lifti iko, na viti vya magurudumu huazimwa bure. Vigari vya watoto huachwa chini. Juu kuna ukumbi uliojaa makabati ya vioo, Grand Vestibule, na watu huupita mbio kwa sababu unafanana na stoo. Usiupite. Risasi iliyomuua Nelson katika vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805 imo humo, kitu kidogo chenye kipande cha uzi wa dhahabu kutoka begani kwake. Ndiyo, Nelson huyohuyo aliyelala ndani ya jeneza la Henry. Kabati jingine lina kichwa cha simbamarara wa dhahabu mwenye meno ya fuwele, kutoka kiti cha enzi cha Tipu Sultan wa Mysore, aliyeuawa 1799. Wageni wangu wenye asili ya Bara Hindi husimama hapo kuliko mahali pengine popote.

Na sisi je? Kwa Wazanzibari nina langu. Juni 1875 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikuja Uingereza, miaka miwili baada ya kulazimishwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na Malkia Victoria alimpokea katika kasri hili hili. Magazeti ya London yalimchora na joho lake na kilemba. Miaka minane baadaye akasimamisha jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani. Kama aliondoka hapa na fikra ya nyumba kubwa yenye taa, hilo kila mtu aamue mwenyewe. Ami yangu ameshaamua.

Waterloo Chamber ni picha za majemadari na wafalme walioungana dhidi ya Napoleon, nyingi za mchoraji Thomas Lawrence. Ukishaona tatu umeziona zote. Inamisha macho kwenye zulia, lilifumwa na wafungwa wa jela ya Agra, India, kwa jubilei ya Victoria, kipande kimoja bila mshono, kwa ukumbi mzima.

Halafu St George's Hall, na hapa usikose kuieleza habari ya moto. Tarehe 20 Novemba 1992 taa ya kumulikia iliunguza pazia katika kikanisa cha faragha cha Victoria, na moto ukala kwa saa 15. Vyumba 115 viliharibika. Bahati iliyokuwepo ni kuwa sehemu kubwa ya vyumba ilikuwa imehamishwa vitu ili watandike nyaya mpya za umeme. Picha kubwa ya mchoraji Beechey ya George III juu ya farasi haikuwa rahisi kuitoa, ikateketea. Zima moto walimwaga maji lita karibu milioni 7, na kukausha kuta ikawa kazi nyingine. Wananchi walikataa kodi yao ilipe, Malkia Elizabeth II akafungua Buckingham kwa watalii kuanzia 1993, na viingilio vile vikalipa sehemu kubwa ya pauni milioni 36.5. Kazi ilikwisha 1997, tarehe ileile 20 Novemba. Sasa tazama dari la huo ukumbi: wengi hudhani ni la zama za kale, kumbe ni mwaloni mbichi uliochongwa kwa mkono miaka ya tisini. Limejaa ngao za mashujaa wa Garter, na baadhi ni nyeupe tupu. Hizo ni za waliovuliwa heshima, waliomsaliti mfalme au kudhaniwa hivyo. Mwache mtoto azitafute, utapumzika robo saa nzima.

Ukija kati ya vuli na machipuko kuna vyumba vya ziada, Semi-State Rooms, vyekundu na vya kijani vyenye dhahabu kila pembe, alivyovipamba George IV. Kiangazi hufungwa. Nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika 1924, ina maji ya bomba na umeme na vitabu vinavyosomeka, vyote kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Watoto huishangilia. Mzee mkalishe kwenye kiti.

Sala ipange kabla hujatoka nyumbani. Kiangazi hakuna shida, Adhuhuri ni ndefu. Lakini Desemba Alasiri huingia kama saa 8 mchana na Magharibi ikabisha kabla ya saa 10, na mkiwa katikati ya vyumba mtajikuta mnatazama saa badala ya picha. Mimi huwatoa saa 8, tunatokea lango la Henry VIII na kuelekea Long Walk, njia iliyonyooka ya kilomita 4 na zaidi kutoka ukuta wa kasri hadi sanamu ya George III juu ya farasi. Ni bure, ina nyasi pande zote mbili, na hakuna anayejali ukitandika mkeka. Picha ya kasri nzima, ile wanayoitaka nyumbani, inapigwa hapo na si mlangoni.

Baada ya hapo ni Alexandra Gardens kando ya mto, dakika chache kwa miguu, na hapo sambusa zinafunguliwa. Mabata maji ya Thames hayana adabu, yatakujia hadi mapajani, fumbata mfuko wako. Mwenye nguvu bado avuke daraja la miguu aione Eton, mji wa shule mashuhuri. Asiyekuwa nazo arudi Slough na treni ndogo, barabara kuu ina mikahawa ya Kipakistani yenye nyama halali, na kwa bei ya keki mbili za kasrini anakula pilau akashiba.